Risasi Ngumu kwa Pofu wa Murukulazo

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bunduki. Nilipewa kigoda katika stoo ya silaha ya ofisi ya wanyamapori, Biharamulo, na Mzee Kagoma akaweka risasi mbili mezani mbele yangu. Yeye alikuwa askari mwandamizi wa kituo, Msubi mrefu asiyependa maneno mengi, sare yake imepauka lakini haikosi pasi. Mimi nilikuwa Mhangaza wa Murusagamba, nimetoka jeshini karibuni, nikidhani kazi ya bwana nyama ni kulenga shabaha basi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hizi zinafanana?"

"Zinafanana."

"Ziguse nchani."

Nikazigusa. Moja ilikuwa shaba tupu hadi mwisho. Nyingine ncha yake ilikuwa wazi, ya kijivu, laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha. Akanieleza kwamba ile ya shaba tunaiita ngumu. Ni ya tembo na nyati, wanyama wenye ngozi na mifupa mizito, kwa sababu haibadiliki umbo, inachimba tu kwenda mbele. Ile ya pili tunaiita laini. Ikiingia mwilini inachanua, inapanuka, inamaliza nguvu zake humohumo ndani. Hiyo ndiyo ya pofu.

Kwa msomaji asiyemjua, pofu ni mkubwa kuliko fahali wa ng'ombe, ana nundu na pembe zilizojisokota, na anaruka juu utadhani ni mbuzi. Ukubwa wake huwadanganya wengi. Wanadhani anahitaji risasi ya nyati. Mzee Kagoma alisema ukimpiga pofu kwa risasi ngumu itampenya na kutokea upande wa pili ikiwa bado na nguvu, naye atakimbia na kidonda chembamba akafie mbali. Alitaka risasi laini, nzito, nyuma kidogo ya bega, mnyama akiwa amesimama ubavu. Kama hakusimama hivyo, tunasubiri. Kama hasimami kabisa, tunarudi nyumbani.

Nilijifunza kwake miaka mingi. Kazi yetu haikuwa kuwinda kwa starehe. Tuliitwa mnyama akiingia mashambani au akijeruhi mtu, na nyama waligawiwa wanakijiji. Kabla ya kufyatua, Mzee Kagoma aliinua macho kutoka kwenye bunduki akatazama kilicho nyuma ya mnyama. Mara nyingi nyuma yake kulikuwa na pori tu, hadi upeo wa macho. Nilimwona kama mtu anayepoteza muda.

Baadaye tulihamishiwa Ngara sote wawili, chini ya Afisa Wanyamapori wa Wilaya, msomi mchangamfu aliyependa kazi iishe haraka. Hatukukaa sana, wakimbizi wakaja.

Sina maneno ya kuwaeleza vijana jinsi watu walivyovuka mpaka miaka ile ya tisini. Vilima tulivyovijua kwa miti yake vikawa vya turubai. Watu walihitaji kuni, na maharage ya msaada hayaivi kwa jua. Siwalaumu. Lakini miti ilikwisha karibu na kambi, wakawa wanatembea mbali zaidi, hadi kwenye mapori ambayo zamani hukukuta mtu. Pamoja na watu ziliingia bunduki za vita. Risasi zake ni ndogo na ngumu, zimetengenezwa kwa ajili ya binadamu. Majangili walizitumia kwa pofu, na pofu wakawa wanatangatanga na majeraha yanayonuka, wanajibanza kwenye mihogo ya watu.

Sisi tukapewa doria nyingine. Wakimbizi walikatazwa kukata kuni nje ya eneo lao, nasi tulizunguka na filimbi, tukiwakuta tunapuliza na kuwanyang'anya mapanga na mizigo. Mzee Kagoma aliichukia kazi hiyo. "Mimi niliajiriwa kwa ajili ya wanyama," alisema, "sasa nawafukuza akina mama."

Kiangazi kimoja dume la pofu lililovunjika mguu kwa risasi ya jangili liliingia kijiji cha Murukulazo, likamkanyaga mzee mmoja shambani na kumvunja mbavu. Wananchi walikuja ofisini wakiwa wamekasirika. Tatizo ni kwamba risasi laini zilikuwa zimekwisha. Tulikuwa tumeomba mkoani, zikaletwa ngumu tupu.

"Mkuu, tusubiri," Mzee Kagoma alisema. "Ngumu haifai kwa pofu."

"Haifai vipi? Haiui?"

"Inaua. Lakini haikai ndani. Na siku hizi pori lina watu."

"Mzee Kagoma, risasi ni risasi. Yule mnyama akiua mtu kesho, mimi nitamwambia nini Mkuu wa Wilaya? Kwamba tulikuwa tunachagua?"

Hakuwa mtu mbaya, Afisa yule. Alikuwa na wananchi mlangoni. Tukaenda.

Tulimkuta pofu amesimama kwenye mteremko, chini yake kuna kichaka kizito. Mzee Kagoma alikataa kushika bunduki mpaka eneo likaguliwe. Akawauliza wenyeji kama kuna mtu bondeni, wakasema hakuna. Hakuridhika. Akaniambia nipulize filimbi, nirudie, ili aliyeko huko atoke. Nikapuliza kwa nguvu. Tukangoja. Halikutikisika hata jani.

Ndipo akapiga. Pofu alianguka papo hapo, watu wakashangilia. Kisha tukasikia sauti kutoka kichakani, sauti ya mwanamke.

Alikuwa mkimbizi, jina lake Konsolata. Risasi ilikuwa imempenya pofu, ikashuka na mteremko hadi kichakani, ikampata tumboni akiwa amejilaza kifudifudi pembeni ya mzigo wake wa kuni. Tulimbeba kwa machela ya matawi kuelekea barabarani. Nilimwuliza kwa Kihangaza, kwa kuwa lugha yake na yangu zinasikilizana, kwa nini hakutoka tulipomwita.

"Nilisikia filimbi," alisema. "Nikajua mnakuja kuchukua panga. Nikajificha."

Mzee Kagoma, aliyeshika machela upande wa kichwa, aliniuliza, "Amesemaje?" Nikamtafsiria. Barabarani tukampakia garini. Konsolata alifia ndani ya gari, kabla ya kufika hospitali ya kambi.

Polisi walipouliza nani amepiga, Mzee Kagoma alisema ni yeye, basi. Mimi nilieleza habari ya risasi laini na alivyoomba tusubiri. Afisa naye, lazima niseme haki, alikubali kwamba aliamuru. Ikaonekana ni ajali, hakuna aliyefungwa. Lakini Mzee Kagoma alirudisha bunduki stoo siku ileile na hakuigusa tena. Alimalizia utumishi wake kwenye kizuizi cha barabara, akikagua magunia ya mkaa. Bunduki yake nilipewa mimi. Risasi laini zilifika baada ya muda, boksi zima.

Tangu hapo hatukupuliza filimbi kabla ya kupiga. Nilipaza sauti kwa Kihangaza: tokeni, hatuchukui kuni za mtu, kuna mnyama anapigwa. Walitoka vichakani wengi kuliko nilivyofikiri, akina mama na mizigo yao, wakatupita bila kututazama. Kila walipotoka nilifurahi, na furaha hiyo ilinichoma.

Wakimbizi walipoamriwa kurudi kwao, barabara ilijaa watu na mafurushi. Mzee Kagoma alikuwa amesimama pale kizuizini. Mume wa Konsolata alimjua, kwa sababu mzee alikuwa amekwenda msibani na kukaa na wafiwa. Akatoka kwenye msafara, watoto wake wakimfuata.

"Muzee, sisi tunakwenda," alisema. "Yeye anabaki. Nani atamuangalia?"

"Nitamwangalia mimi," Mzee Kagoma akajibu.

Akamwangalia. Hata baada ya kustaafu na kurudi Biharamulo alipanda basi kila kiangazi, akakodi baiskeli, akaja kulipalilia kaburi lile kwenye makaburi ya kambi. Miguu ilipomshinda aliniomba mimi, na alipofariki nikaendelea.

Nami nimestaafu. Vijana wa kazi hii wana darubini juu ya bunduki na simu mfukoni, na pofu wa kulindwa wamebaki wachache mno. Najuta kwamba tuliwaacha wakaisha. Lakini hilo si linaloninyima usingizi.

Mwaka jana pale makaburini nilikuta msalaba wa mti umeliwa na mchwa, matuta yamesawazika, nyasi zimenifika kiunoni. Ardhi ile imerudi kwa wenyeji, na mwanamke anayelima mihogo pembeni alikuja kunisalimu.

"Shikamoo, babu. Unatafuta nini?"

"Marahaba, mwanangu. Natafuta kaburi la mtu. Sioni tena ni lipi."

"Ni ndugu yako?"

Nikashusha jembe langu begani. Akanitazama, akaenda shambani kwake, akarudi na jembe la pili. Tukaanzia upande wa barabara, tukayapalilia yote.