Maandishi Meusi Chini ya Mnara

Chantal alikuwa mke wa mtoto katika nyumba ya watu, na sufuria zake zilisifiwa. Kule mtaani Kadutu, nyumba zinapobanana kilimani, wanawake wanasugulia vyombo mbele ya mlango, na kila anayepita anaona. Sufuria yenye masizi inasemwa mpaka kwenye bomba la maji. Patrice, mume wake, alipoenda kuchimba dhahabu Kamituga na kumwacha yeye na mtoto wao Agnès kwa baba mkwe, Chantal alijishikilia kwenye kazi hiyo moja: majivu, mchanga mwembamba, nusu ya limau, mpaka chombo kimwonyeshe uso wake.

Baba mkwe, Papa Anaclet, alikuwa mtunzaji wa vyombo vya fanfare, bendi ya parokia. Tarumbeta zilikaa sakristia, lakini jozi ya matoazi, ambayo yeye na wapigaji wote waliita sembale, aliiweka chini ya kitanda chake, imefungwa katika blanketi. Zilikuwa sahani mbili za shaba, nzito, zimeshika weusi, mapadri wa zamani waliziacha. Papa Anaclet hakuwa mtu wa maneno mengi. Ila ukimwuliza habari ya sembale, hata ugali unapoa.

Chantal hakuwahi kukaa na waliouliza. Mke wa mtoto haketi saluni, yaani sebuleni, na baba mkwe na wageni wake. Maneno yao aliyasikia kutoka nyuma, akigeuza mboga: kwamba fundi wa Ulaya alikuwa anagonga kwenye shaba alama ya mnara mdogo, karibu na tundu la katikati, na kwamba mnara huo haukuguswa tangu sahani izaliwe. Mengine yaliliwa na mvuke wa sufuria.

Mwaka wa yubile ya parokia, kamati ilitaka sembale mpya. Djafari, mfanyabiashara wa Uvira, alikubali kuleta jozi ya kung'aa na kubeba ile ya zamani. Papa Anaclet alikataa.

"Hizi ni za kabla ya vita ya pili ya dunia," alimwambia Papa Fabien, mkubwa wa kamati. "Alama yenyewe inasema. Mukuje siku ya Mungu, misa ikiisha, nitawaonyesha. Musipoiona, Djafari abebe."

Siku ya Ijumaa akaitwa matanga Walungu. Chantal akabaki na nyumba, akiwafikiria wageni watakaokuja. Wakubwa wa parokia wataona nini? Sahani nyeusi kama kifuniko cha sufuria ya maharagi. Jumamosi asubuhi akazitoa nje, akamfunga Agnès mgongoni, akaanza kusugua. Mnara aliukwepa, aliufunika kwa kidole gumba, maana alijua ndiyo alama. Chini yake, kwenye sahani zote mbili, kulikuwa na mstari mweusi wa maandishi madogo, umefifia, umeshikana na uchafu. Alidhani ni masizi. Aliusugua kwa mchanga mara mbili, kwa limau mara ya tatu. Ulipotoka wote, alifurahi.

Jumapili Papa Anaclet alishuka kwenye gari la Walungu akaenda moja kwa moja kanisani, akarudi na kamati nyuma yake. Hakupata nafasi ya kuchungulia. Akafungua blanketi mbele yao.

Djafari akapiga makofi. "Papa, mie nilete mpya ya nini? Zako zinashinda zangu kwa kung'aa!"

Papa Anaclet hakucheka. Aliinua sahani, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole chini ya mnara. Akapitisha tena.

"Iko wapi?" Papa Fabien akauliza.

"Mnara ni huu."

"Mnara tunaona. Ulituambia mnara uko kwa sembale zote, za jana na za zamani. Mwaka tutaona wapi?"

"Kwa maandishi ya wino, chini. Namna ya herufi ndiyo inaonyesha miaka."

"Chini hakuna kitu, papa."

Maman Lucie, mwandishi wa kamati, akamnong'oneza jirani ili wote wasikie: "Muzee aliona alama kwa ndoto."

Wakacheka. Papa Anaclet akanusa sahani. Harufu ya limau ilikuwa bado. Chantal, aliyesimama mlangoni na sinia ya chai, alimwona akinusa, akajua kwamba amejua. Alingoja ageuke, aseme jina lake. Hakugeuka.

"Pengine ni macho yangu," akasema polepole. "Nimezeeka."

Chantal akarudi jikoni, akaweka sinia chini. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa majivu, akaificha ndani ya kikwembe alichojifunga kana kwamba mtu alikuwa anaiangalia. Huko saluni Papa Fabien akasema, "Basi Djafari, beba." Akasikia shaba ikigusana.

Akatoka mbio, akasimama katikati ya wageni, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Papa hakudanganya. Maandishi yalikuwako. Ni miye nilisugua."

"Ulisugua sembale?" Maman Lucie akauliza. "Kama sufuria?"

"Ndiyo, maman. Na majivu. Nilizani ni masizi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Papa Fabien akamtazama. "Yalisema nini?"

Chantal alijua kusoma. Alimaliza shule ya msingi, cheti chake kipo. Aliyaona maandishi yale karibu kuliko Biblia, asubuhi nzima yalikuwa chini ya mkono wake.

"Sikusoma," akasema.

Djafari akaweka sahani juu ya meza. "Mie sibebi. Mwanamke hawezi kujivua nguo mbele ya watu kwa ajili ya uwongo." Papa Fabien akakubali kwa kichwa, wakanywa chai, wakaenda.

Sembale zilibaki. Papa Anaclet hakumkaripia, wala siku ile wala nyingine. Jioni aliomba chumvi kwa sauti ileile. Siku ya yubile mpigaji mgeni wa Lwiro alizishika, akazisifu, akauliza ni za mwaka gani. Chantal alikuwa hatua tatu nyuma, anamnyonyesha Agnès.

"Sijui," Papa Anaclet akajibu. "Hakuna anayejua tena."

Chantal akashusha kitambaa juu ya uso wa mtoto, na juu ya wake.