Tairi ya Okoth Iliyoniingiza Chumbani kwa Mama Mkwe

Aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni: niliketi ndani ya gari, mikono bado kwenye usukani, na juu ya boneti kulikuwa na kitanda cha mama mkwe wangu, shuka na zote, na yeye amesimama kando bila kitambaa kichwani, tunatazamana macho kwa macho. Mimi, mkwe! Kwetu Waluo kitanda hicho mkwe hata kukiona haruhusiwi, sembuse kukivunja.

Ilikuwa hivi. Mke wangu Atieno alirudi kwao Magunga baada ya dada zangu kumtukana, na wazee wao wakakubali nimchukue Jumapili (ni Wasabato, Jumamosi hawasikii la mtu). Nikaazima gari kuukuu ya binamu yangu Ouma, waone mimi si mtu bure. Pale Migori tairi ya mbele kushoto ikapasuka, na ya akiba hakuna, Ouma ameigeuza kiti cha kunywea chai. Badala ya kungoja izibwe kama mtu mwenye akili, nikamsikiliza fundi Okoth, aliyeleta tairi nyembamba iliyotoka gari tofauti kabisa.

"Okoth, hii ni ndogo."

"Omera, ndugu yangu, tairi ni tairi. Zote si zinazunguka?"

Akatia upepo, pampu inavuja fyuu, akaipiga teke moja. "Imeshiba. Nenda kachukue bibi."

Imeshiba nini! Ya kulia ngumu kama jiwe, ya kushoto imelegea kama chapati. Kufika Karungu gari inavuta kushoto, usukani unatetemeka mpaka kwenye meno, mimi navuta kulia kama mtu anayeburuta ng'ombe, lakini ningerudi na uso gani? Nikafika Magunga, nikashuka mteremko wa boma la wakwe, nyumba iko kushoto, watu wamejipanga, Atieno ameshika mfuko wake tayari, mama mkwe amejificha ndani kama desturi inavyotaka, na mimi (ujinga wangu, nakubali) nikatoa mkono mmoja nje kuwapungia.

Mkono mmoja tu! Gari ikakata kushoto, nikakanyaga breki ikazidi kukata, ua ukalala, ukuta wa udongo ukafunguka.

Hakuna aliyeumia. Mama mkwe alilia "Wololo!" akafunika uso. Baba mkwe akanipa mgongo. "Atieno, weka mfuko chini."

Sasa ni mwezi wa nne tangu siku ile. Wazee wanasema nilifanya kwa dharau, wengine eti nilikuwa mlevi, mimi ambaye pombe siijui, na Atieno hatarudi kupika kwangu mpaka ijulikane kosa ni la nani. Nilipomwomba Okoth aje kunitolea ushahidi, alicheka. "Mimi ni fundi wa tairi, si wa ndoa."

Tairi ya kubahatisha sifungi tena maisha yangu yote. Lakini wewe Okoth, simama mbele ya wale wazee, useme kwa kinywa chako ulifunga nini kwenye gari ile. Mke wangu anangoja jibu lako. Utakwenda lini?