Wilmer Mtafuta Mechi

Siku hizi ratiba hupangwa na vijana wenye kompyuta. Sina ugomvi nao, ila hawajui raha ya kumsikia Wilmer Oesterling akimbembeleza kocha wa watu kwenye simu. Tulikuwa wasaidizi wa kocha wa mpira wa kikapu katika chuo kidogo cha Marlow, Indiana, ofisi moja, harufu ya viatu. Mimi nilifundisha vijana kuzuia, Wilmer alitafuta mechi.

Mechi za ligi hujipanga zenyewe. Kazi ni zile za Novemba na Desemba, kabla ya ligi, unapocheza na yeyote atakayekukubali. Mwaka 1983 tulialika vibonde watupu, tukawatandika wote, mji mzima ukavimba kichwa. Machi ilipofika, kamati ya mashindano ya taifa ikauliza swali moja tu: mmemfunga nani? Tukaachwa. Hasira ile ninayo mpaka leo.

"Msimu ujao nataka vigogo," Wilmer akaapa. "Na mmoja aje hapa hapa."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mcheza kwao hutunzwa, na vigogo wanalijua hilo kuliko sisi. Kutukaribisha kwao walikuwa tayari. Kuja Marlow, hakuna. Lakini Wilmer alimtaka kigogo kwa ajili ya mama yake. Mama huyo, Bi Hilda, alikuwa akiuza bisi mlangoni mwa ukumbi wetu tangu ulipojengwa. Miguu ilishamkatalia safari, na alikuwa hajawahi kuiona timu kubwa ikipita mlango wake.

Basi ofisi ikawa ya posa kutwa.

"Kocha, mzee wangu! Shemeji hajambo? Njoo bwana, ukumbi wenyewe mdogo, hata kelele hamna!"

"Muongo wewe," nikamwambia alipokata simu. Ukumbi wetu ulikuwa ukitikisa madirisha ya jirani.

Hatimaye akakubali Kocha Brannigan, kigogo hasa. Desemba hii twende kwake, Desemba ijayo aje kwetu. Mkataba ukasainiwa, na Bi Hilda akautangazia mji.

Tukaenda. Kila mtu alijua tumekwenda kufungwa. Ikabaki dakika moja, tunaongoza kwa pointi nne! Benchi zima tumesimama, Wilmer kakaa, kichwa mikononi.

"Una nini wewe? Tunashinda!"

"Ndiyo maana. Tukimfunga hapa, haji kwetu."

"Sasa niwaambie vijana walegeze?"

"Thubutu!" Akasimama, akapiga kelele kutushinda wote. Tukashinda. Na Machi ile kamati ikalitaja jina letu.

Aprili Brannigan akapiga simu. Sauti yake niliisikia nikiwa mezani kwangu.

"Wilmer, ndugu yangu, nisamehe. Hatuji, faini ya kuvunja mkataba tutalipa. Nikija huko nikafungwa tena, wananifukuza kazi."

Wilmer aliniomba nimsindikize kwa mama yake. Tulimkuta jikoni akimenya viazi. Alimweleza yote amesimama.

"Yaani wanalipa ili wasije?" Bi Hilda akauliza. "Wanaogopa nini?"

"Wanatuogopa sisi, Mama."

Nilisubiri machozi. Mama akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. Kisha akatulia, akamtazama mwanawe.

"Na ulijua mkishinda hawaji?"

"Nilijua."

"Ukapiga kelele washinde?"

"Nilipiga, Mama."

Akamshika shavu kwa mkono wenye maji ya viazi. "Ungenyamaza, ningekufukuza humu ndani. Ila ningependa kuwaona, mwanangu."

Tulimzika Bi Hilda Septemba hiyo, hajamwona kigogo hata mmoja. Wilmer alilia kuliko mtu mzima yeyote niliyewahi kumwona akilia, lakini hata siku moja sikumsikia akiujutia ule ushindi.