Watoto wa Mwaka wa Theluji

Jumamosi, tarehe 29 Juni 2019. Asubuhi jua lilikuwa kali; kufika alasiri ukungu ukapanda kutoka bondeni, kama kawaida ya milima yetu ya Akkar, kaskazini mwa Lebanon, wakati wa kiangazi, ukatanda juu ya uwanja wa shule hata bendera isionekane. Watoto kumi na saba walikuwa wanahitimu darasa la kumi na mbili katika shule ya Ain Rumman. Umm Wajdi, mama yake Wajdi, alikaa safu ya mbele, mkoba ameupakata. Ndani ya mkoba mlikuwa na pete mbili. Mahafali yakiisha, jamaa wote walikuwa waende moja kwa moja nyumbani kwa Abu Sharif, baba yake Rahaf, isomwe Fatiha, na Wajdi amvishe Rahaf pete ya uchumba.

Mji mzima ulijua. Asiyejua alikuwa mtu mmoja tu, naye alikuwa ameketishwa jukwaani.

Karibu watoto wote wa darasa lile walizaliwa majira ya baridi ya mwaka 2001, theluji ilipofunga barabara ya kushukia Tripoli kwa siku kumi. Tulizoea kuwaita watoto wa theluji, nao wakalivaa jina hilo mpaka wakaliandika ukutani nyuma ya choo cha shule. Walipoanza walikuwa ishirini na wanne. Siku ya kwanza Wajdi alilia hadi mwalimu akamhamishia karibu na jiko la mafuta, kando ya msichana wa mtaa wa juu. Msichana akamtazama kidogo, akamwambia, "Ukimaliza kulia, niazime kifutio." Huyo ndiye Rahaf.

Miaka hiyo nyumba zao hazikusalimiana. Abu Wajdi na babu yake Rahaf waligombania zamu ya maji ya mfereji, na ugomvi wa maji kwetu hurithiwa kama shamba. Watoto walikuwa darasa la nne pale Abu Wajdi alipoteleza akisukuma theluji juu ya paa, akaanguka, akafa. Babu yake Rahaf alifuata mwaka huohuo. Ugomvi ukakosa wa kuushika.

Umm Wajdi, akiwa na wanaume wanne wa kulisha, wote wanawe, akaweka sahani yake ya chuma na jiko la gesi penye lango la shule, akaanza kuuza mikate ya zaatari, iliyopakwa majani makavu ya harufu na mafuta. Hivyo alilisindikiza darasa zima kwa macho. Aliwaona wavulana na wasichana wakitengana madawati darasa la saba, kila upande ukidai upande wa pili unanuka. Aliwaona wakilia baada ya mtihani wa darasa la tisa, watatu waliposhindwa. Familia nne zilihamia Australia, na kila mara moja ilipoondoka, aligawa mikate bure asubuhi hiyo. Darasa la kumi na moja shule haikupata mwalimu wa fizikia. Rahaf alijifunza mwenyewe kitabuni, kisha akawa anasimama ubaoni kuwafundisha wenzake. Wavulana walimwita Profesa, na Wajdi walimwambia wazi: "Wewe peke yako ndiye huelewi, kwa sababu huangalii ubao."

Mama mtu aliona kabla ya wao kujiona. Rahaf alikuwa anakuja kununua mkate kengele ikiwa imeshalia, na Wajdi ndiye aliyekuwa akimfungia. Siku moja Umm Wajdi akamwambia, "Binti, huu ni mkate wako wa tatu leo. Ama una minyoo, ama una neno." Rahaf aliondoka mbio, chenji akaiacha.

Wajdi alikuwa amepata kazi kwa mjomba wake Kuwait, aondoke mwezi wa Agosti. Ndiyo maana wazazi wakaona heri pete ivalishwe mapema.

Ni darasa lenyewe lililomwomba mkuu wa shule amwalike Hajja Niemat, mkunga wa zamani, aliyewapokea wengi wao duniani kisha akahamia kwa binti yake Tripoli. Alikuwa mzee sasa, mwepesi, macho makali. Wahitimu walipanda jukwaani wawili wawili, mvulana na msichana, isipokuwa mmoja aliyepanda peke yake, kila mmoja akimbusu mkono, naye kipaza sauti kikiwa kimewekwa mbele yake hakumwacha mtu bila neno. Mmoja alimwambia, "Wewe ulitanguliza miguu, na naona mpaka leo unatembea kinyumenyume." Mwingine, "Mama yako alimtukana baba yako usiku kucha kwa ajili yako. Natumaini amepata haki yake." Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Wa mwisho walikuwa Wajdi na Rahaf. Mkunga aliwauliza majina, akatabasamu, akawashika mikono wote wawili.

"Mungu awakuze," alisema. "Mtu na dada yake."

Watu walicheka tena, wakidhani ni utani wa kizee.

"Mnacheka nini? Hawa wamelelewa na ziwa moja. Umm Wajdi, yule mtoto niliyekuwa nakuletea ndani ya koti, siku za theluji, si ndiye huyu?"

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilikatika safu baada ya safu, kuanzia mbele, mpaka akabaki mtu mmoja huko nyuma, naye akanyamaza. Umm Wajdi alisimama. Mkoba ulianguka na hakuna aliyeuokota. Fundi wa muziki, kwa kuona jukwaa limetulia, alidhani ni zamu yake, akafungulia wimbo wa kuhitimu kwa sauti yote. Kofia zilipaswa kurushwa juu wakati huo. Hakuna aliyerusha. Rahaf alikuwa ameutoa mkono wake mkononi mwa Wajdi na anautazama kama si wake.

Waliingia katika chumba kilichokuwa karibu, darasa la kwanza, wakakaa kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kifuani: shehe aliyekuja kusoma Fatiha, mkunga, wazazi wa Rahaf, Umm Wajdi na vijana wenyewe.  Hajja Niemat alieleza kwamba Umm Sharif, mama yake Rahaf, alijifungua akashikwa na homa, hajitambui, na maziwa ya kopo yalikwisha mjini. Mwenye maziwa alikuwa Umm Wajdi, aliyejifungua wiki ileile. Lakini kwa sababu ya ugomvi wa maji, bibi yake Rahaf alikataa jina litajwe. Mkunga akamwambia Umm Wajdi kwamba mtoto ni wa mke wa dereva aliyekwama msikitini. Alimwachia bibi kazi ya kuwaambia wenyewe barabara ikifunguka. Bibi hakusema. Sasa yuko kaburini.

Umm Wajdi alimkumbuka mtoto yule wa dereva. Kwa miaka alikuwa akimwombea dua, akijiuliza walifika salama.

Abu Sharif alisema theluji ilikuwa nyingi, watoto walikuwa wengi, na Hajja ni mzee. Mkunga akaishika kamba hiyo haraka. Akasema labda kweli amechanganya. Shehe alikuna ndevu. Alieleza kwamba walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani, na kwake kunyonya kidogo na kunyonya sana ni sawa, lakini neno la mkunga mmoja aliyeingiwa na shaka halimfungi mtu. "Mwenye ziwa ni wewe," alimwambia Umm Wajdi. "Ukikubali, mimi siwezi kuwasomea Fatiha. Ukikataa, dhamana ni yako."

"Dada yangu," Abu Sharif alisema taratibu, "sema hukumbuki. Tutoke humu, wageni wanasubiri."

 Umm Wajdi alimgeukia Umm Sharif. "Homa ilipokuacha, walikuambia mtoto alikuwa akipewa nini?"

"Maji ya sukari na shamari. Mama mkwe ndiye aliyesema."

"Siku ngapi?"

"Mpaka barabara ilipofunguka."

"Na ulipomshika, alikuwa amekonda?"

 Umm Sharif alimtazama binti yake, kisha akatazama sakafu. "Alikuwa na mashavu," alisema. "Nilimshukuru Mungu kwa yale mashavu."

Maji ya sukari hayaoti mashavu. Kila mwanamke mle ndani alilijua hilo, na mkunga akaanza kulia.

Wajdi aliongea kwa mara ya kwanza. "Mama. Hakuna anayekulazimisha."

Alikuwa anamsihi, na mama yake alielewa anasihi nini. Shehe akaanza kuinuka.

"Nilimnyonyesha," Umm Wajdi alisema. "Asubuhi, mchana na jioni, kabla yako wewe, kwa sababu yeye alikuwa na njaa zaidi. Ni dada yako, Wajdi. Na dada wa ndugu zako wote."

Wajdi alitoka akiwa bado na joho lake. Rahaf hakutoka wala hakulia. Alimwuliza shehe, kwa sauti ileile aliyokuwa akiulizia fizikia, kama hakuna hesabu nyingine. Shehe akasema hakuna.

Kesho yake asubuhi, Wajdi alikuwa ameshaondoka na gari la kwanza la Tripoli. Umm Wajdi alipanda mtaa wa juu, akaingia kwa Abu Sharif kupitia mlango wa jikoni. Umm Sharif alikuwa ameketi mbele ya masufuria ya majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, chakula cha watu sitini, na umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Kingechacha kufika adhuhuri.  Walikunja mikono ya nguo, wakapakua, wakapanga bakuli juu ya sinia.

Rahaf alitokea mlangoni, macho yamevimba. Umm Wajdi akamkabidhi sinia ya kwanza apeleke kwa majirani.

"Wakiuliza ni cha nini?"

"Waambie mama yako amekutuma."

"Mama yupi?"

Wanawake wale wawili walitazamana. Umm Wajdi akafunika bakuli kwa kitambaa ili nzi wasiingie, akamfungulia mlango.