Uzi wa Sufu Kati ya Mahandaki Mawili

Siku mjumbe wa mtemi alipokuja kuita vijana, Mama Masanja alikuwa amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe uani kwake, karibu na Ushirombo, akisokota pamba ya utambi wa taa. Alibingirisha kijiti pajani kuelekea gotini, na pamba ikageuka uzi. Mimi na mwanawe Masanja tulijifunza kazi hiyo kwake tukiwa wadogo. Alituuliza tu kama tumekula. Kabla jua halijatua tulikuwa tumekwisha kuandikwa jeshini.

Burma ilikuwa mvua, matope na njia za milimani ambazo gari halipiti. Mizigo yetu ilibebwa na baghala, mnyama azaliwaye na punda na farasi. Mmoja wa waliowaswaga alikuwa Mtibeti aitwaye Dorje, mtu mzima mwenye nywele ndefu za kusuka. Dorje alisokota sufu huku akitembea. Fungu la manyoya ya kondoo alilizungushia mkononi, na kijiti chenye kisahani cha mbao kilining'inia mbele yake. Alikizungusha kwa vidole, kikaenda kama pia ya watoto, naye hakupunguza mwendo.

Tulipopumzika nilikaa naye. Alinifundisha kwa mikono, maana hatukuwa na lugha moja. Masanja alinicheka.

“Ukirudi nyumbani utaolewa na nani, msokota nyuzi wewe?”

“Muulize mama yako. Ndiye aliyenianzisha.”

Karibu na adui hatukuruhusiwa kupaza sauti. Kila mtu alikaa katika handaki lake, na kamba ilinyooshwa kutoka handaki moja hadi jingine. Kuvuta mara moja maana yake nipo. Mara mbili, adui. Kamba zilipokwisha, Dorje alitupatia uzi wake wa sufu, kisha akapeleka baghala mtoni.

Uzi ule haukufika kwa Masanja, aliyekuwa katika handaki lililofuata langu. Ulipungua hatua kama sita. Nikachukua manyoya yaliyobaki, nikasokota kipande hicho mwenyewe, haraka, pajani, kama kwetu. Nikakiunga kama Dorje alivyonionyesha: unalowesha ncha mbili kwa mate, unazilaza pamoja, unazibingirisha kati ya viganja. Fundo hunasa kwenye vichaka, kwa hiyo sikupiga fundo. Uliposhika nilijisifu moyoni.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Nilivuta mara moja. Masanja akanijibu mara moja.

Kisha nikawaona watatu, wakipanda upande wake.

Nikavuta mara mbili.

Uzi ulinijia mkononi, mwepesi.

Nilipiga risasi. Walikuwa wamekwisha kumfikia.

Dorje aliporudi aliokota zile ncha mbili na kuzitazama. Uzi wake ulikuwa umesokotwa kuelekea upande mmoja, wangu kuelekea upande wa pili. Alizibingirisha pamoja mbele yangu: uzi mmoja ukakazika, mwingine ukafunguka, sufu ikaachana. Hakunilaumu. Aliweka kiganja kichwani pangu kitambo, akarudi kwa wanyama wake.

Niliporudi nyumbani niliungama. Padre aliniambia kwamba kukosea katika kazi si dhambi, na kwamba aliyemuua rafiki yangu ni vita. Niliyapokea maneno hayo kwa shukrani, lakini sikuweza kumficha mama yake. Nikaenda. Nilimwamkia, nikamwita mayu, kama tunavyowaita mama zetu, nikamweleza yote bila kupunguza. Nikampa kile kipande cha uzi, nilichokuwa nimekitunza.

Alikipitisha kati ya vidole. Akakifungua kidogo mwishoni, akakiacha kijikunje.

“Hiki ni chako,” alisema.

“Ndiyo, mayu.”

“Umesokota kama nilivyokufundisha.”

Njia nzima kutoka Burma sikuwa nimelifikiria jambo hilo. Nilikuwa nimekwenda kutua mzigo wangu, na pale pale nilimwona akiuchukua. Nilimwambia kwamba kosa lilikuwa langu. Aliingia ndani, akaniletea ugali. Nikala, kwa sababu alisimama akingoja nile.

Wenzangu walikwenda Geita kutafuta dhahabu. Mimi nilibaki. Nilimchotea maji na kumpasulia kuni, na Jumapili tulikwenda misheni pamoja, mpaka Mungu alipomchukua. Namshukuru Mungu kwa miaka ile, ingawa ilinichosha.

Jambo hilo hatukulizungumza tena. Tangu hapo utambi alinunua dukani kwa Mhindi. Kijiti chake cha kusokotea alikichomeka kwenye nyasi za paa siku ile nilipomletea habari, na siku ya kumzika nilikikuta pale pale, kimeshika moshi, cheusi.