Siku Niliyomwanika Bibi

Juzi nilikuwa nafundisha jinsi nishati inavyobadilika, mwanafunzi mmoja akasema kwao Mbagala betri za redio bado zinaanikwa juani. Papo hapo nikasikia harufu ya dagaa.

Mchana ule wa utotoni mwangu redio ya bibi ilikuwa imezimika. Bibi mwenyewe alikuwa ndani, amepona malaria lakini hana nguvu, na chakula hataki hata kukiona. Mama akaanika betri uani, pembeni ya dagaa.

"Zikipata jua zitaongea tena," akaniambia.

Nikakimbilia ndani. "Bibi, twende nje nikakuanike!"

Alicheka mpaka akakohoa, lakini alitoka, akaketi mkekani karibu na betri zake. Mama akamletea uji, akaumaliza. Jioni redio ilikoroma kidogo, kisha taarabu ikatoka, na bibi akaifuatisha kwa sauti.

Nikawaeleza wanafunzi ninachokijua leo: joto liliamsha tu kemikali kidogo iliyobaki ndani ya betri, na bibi alipata nguvu kwenye uji, si kwenye jua.

Yule mwanafunzi akanyoosha mkono tena. "Sasa madam, usingemwanika, uji angekunywa?"