Kiwanja Nimepewa, Mume Wangu Amekatazwa

Mwenye ukurasa, naomba jina langu ulifiche. La mtaa pia lifiche, sema Kisauni tu inatosha, maana hapa kwetu ukikaanga samaki jirani anajua umemnunua kwa nani.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mama wa watoto watatu. Mume wangu ni diwani katika baraza la mji. Nyumba tunayokaa ni yangu, niliirithi kwa marehemu baba yangu, lakini ardhi iliyo chini yake si yangu. Wenzangu wa pwani wanaelewa. Kwa wengine naeleza: kwetu mtu huomba kiwanja kwa mwenye ardhi, akajenga nyumba yake, akawa anamlipa kodi kidogo ya kiwanja. Ardhi yetu na ya majirani ni ya bibi mmoja nitakayemwita Bi Zuhura. Ni mjane, hana mtoto, na tangu alipopatana na baba yangu kwa mdomo hajatupandishia hata senti.

Mwaka huu baraza likaleta makadirio yake ya matumizi, na ndani yake mna pendekezo la kupandisha kodi ya ardhi. Hiyo hulipwa na mwenye ardhi. Bi Zuhura akajua ikipanda hataiweza, itambidi auze, na atakayenunua atatuambia tung'oe nyumba zetu. Mume wangu akasimama nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, akaapa mbele ya watu: "Wallahi, kodi hiyo haipiti nami nimo mle ndani." Watu wakampa mikono. Mimi nilijivuna, sitaficha.

Siku ya mjadala Bi Zuhura akaniambia, "Nipeleke, mwanangu, nikamsikize mumeo akitutetea." Tukavaa mabuibui yetu, tukapanda basi hadi mjini, tukakalishwa kwenye benchi la wageni kule nyuma. Mjadala wote ukaenda kwa Kizungu. Sikuambulia kitu, naye vilevile. Tuliona tu Mzungu mmoja akipigapiga karatasi zake mezani, mwingine akimjibu kwa hasira, kisha mume wangu akasimama, akasema maneno mawili matatu, akakaa. Mwisho wakaulizwa jambo na mikono ikanyooshwa, wake ukiwemo. Bi Zuhura akanifinya goti. "Mashallah! Wamwona alivyonyoosha mkono? Mungu amweke." Akamwombea dua pale pale kwenye benchi.

Mlangoni tukamuuliza tarishi mambo yameishaje. Akasema kodi imepita. Bi Zuhura akamwambia haiwezekani, diwani wetu amenyoosha mkono, tumemwona kwa macho yetu. Tarishi akainamisha kichwa. "Bi mkubwa, walionyoosha mkono ndio walioipitisha."

Ndani ya basi Bi Zuhura aliniuliza kama kikohozi cha mwanangu mdogo kimepoa, nikamjibu kimepoa. Tangu siku hiyo nina ganzi mwili mzima. Napika, nafua, naamkia watu, sihisi chochote. Sijalia hata mara moja, na mimi ni mtu wa kulia hata harusini.

Jioni ile nikamuuliza mume wangu. Akanawa, akakaa kula. "Kodi isipopanda, Kisauni hauji mfereji wa maji. Wameniahidi mfereji. Wewe wajua wanawake wa hapa wachota maji wapi." Najua, mimi ni mmoja wao. Huenda hesabu zake ni sawa, siwezi kubisha. Nikamuuliza mbona basi aliapa pale msikitini. Akasema, "Ya msikitini ni ya msikitini, ya barazani ni ya barazani." Akaomba aongezwe mchuzi. Nikamwongeza.

Sasa Bi Zuhura anauza. Lakini wiki iliyopita alinijia mchana, akakataa hata maji ya kunywa, akasema: "Kiwanja cha babako n'takupa wewe, hiba, kisiingie katika mauzo. Ila mumeo asilale tena juu ya ardhi yangu. Sikwandikishi kitu. Sema ndiyo mbele ya mashahidi, neno lako lan'tosha."

Nilimweleza mume wangu nikidhani atakasirika, au pengine atajuta. Alicheka. "Mwambie ndiyo. Hiba ikishatolewa imetolewa. Mimi n'takwenda Chaani kwa dadangu kidogo, bibi akisahau nirudi. Kwani amebakisha siku ngapi yule?" Akavaa kofia yake akatoka zake.

Nikisema hapana, nyumba ya baba yangu itang'olewa miti na mabati, na wanangu sijui nitawalaza wapi. Nikisema ndiyo na kuitimiza, nitakuwa nimewafukuzia watoto baba yao, na kwangu si mume mbaya, hajaninyima wala kuniinulia mkono. Nikisema ndiyo ile anayoitaka yeye, nyumba tutabaki nayo na sote tutabaki ndani yake, na Bi Zuhura atakufa akiniamini. Twaambiwa uhuru u njiani, kila mtu hapa ana la kusema juu ya siku hiyo. Mimi naifikiria Ijumaa tu.

Ijumaa baada ya sala anakuja na mashahidi wake. Enyi mnaonisoma, hasa wanawake wenzangu, nishaurini, nimjibu nini? Na mfanye upesi, kwa sababu jana nilikuwa peke yangu jikoni nikaijaribu ile ndiyo ya mume wangu kwa sauti, nione itatokaje. Ilitoka vizuri kabisa. Hata sauti haikutetemeka.